Niliapa sitalalamika tena, miezi miwili baadae nimerudi palepale: je, mimi sina shukrani?

Swali: Habari mtaalamu. Mwaka huu nilisafiri kikazi nchi moja ya Asia, naomba nisiitaje. Siku ya mwisho dereva alitupitisha njia ya mkato pembeni ya dampo la mji, kuna mto mweusi unanuka, nikaona kijana umri kama wa mwanangu ana gunia limemzidi kimo, anaokota chupa za plastiki kwenye moshi. Alivyotuona akatupungia mkono na kucheka. Nilipiga picha, kufika hotelini nikalia sana, nikaapa mbele za Mungu sitalalamika tena maishani. Miezi miwili tu imepita, juzi nimejikuta nagombana kwenye simu na watu wa intaneti nusu saa nzima kisa mtandao unakatakata. Nimejiona mnafiki. Alafu kuna kitu kinanitafuna, ni kama nimechukua shida ya yule mtoto nikaifanya dawa yangu. Nifanye nini shukrani idumu? Na mwanangu wa miaka 14 haridhiki na chochote, nafikiria safari ijayo niende nae nimpeleke kituo cha watoto yatima kule ajionee. Ni sawa? Mama mwenye aibu.

Jibu:

Dada, hilo jina ulilosaini tuliache, ntakuita dada tu. Swali lako moja lina mambo kama manne ndani yake, unafiki, hatia, shukrani, alafu mtoto, na umeyafunga pamoja, mtu akiyafunga hivyo anaishia kujichapa badala ya kuelewa. Ngoja niyafungue, ila sio kwa mpangilio wako.

La unafiki ndo jepesi kuliko yote. Wewe sio mnafiki, ni binadamu mwenye ubongo unaofanya kazi, na kazi mojawapo ya ubongo ni kuzoea. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili kule Marekani waliongea na watu 22 walioshinda bahati nasibu pesa nyingi, na watu 29 waliopooza kwa ajali, wakawalinganisha na watu wa kawaida. Ungetegemea hao washindi wawe wanaelea mawinguni. Wapi, hawakuwazidi wengine furaha kwa kiasi cha maana, na kibaya zaidi vile vitu vidogo vya kila siku kama kupiga stori na rafiki au kusifiwa kidogo vilikuwa vinawapa raha pungufu kuliko wenzao ambao hawakushinda chochote. Waliopooza walikuwa chini ya wengine, ndiyo, ila sio chini kama tunavyodhani. Utafiti wenyewe ni mdogo, na baadae wengine wameonyesha kuna mambo watu hawayazoei vizuri, mfano kukosa kazi muda mrefu, lakini kiini chake bado kimesimama. Sasa niambie, kama mamilioni ya pesa yanazoeleka, kitu ulichokiona dakika chache kupitia dirisha la gari kitakosaje kuzoeleka? Kiapo chako kilikuwa kinaitegemea hisia ibaki moto siku zote, na hakuna hisia inayokubali kazi hiyo, hata mapenzi hayakubali.

Kuna jambo zito kuliko kuzoea lakini. Ile kitu iliyokuliza hotelini, mi kwa maoni yangu haikuwa shukrani bado. Ilikuwa nafuu iliyochanganyika na mshtuko. Umemwona mwenzio kwenye moshi, ukashika kifua, ukasema afadhali mimi, mwili ukashusha pumzi. Siidharau, kila mtu anayo. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha uhakika cha kujipimia anajipima kwa watu wengine, na Thomas Wills mwaka 1981 akaongezea kwamba mtu akiwa ameumia au amechoka mara nyingi anamtafuta aliye chini yake ili ajisikie vizuri. Kwaiyo hujafanya jambo la ajabu. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinageuka upande wowote bila kukuomba ruhusa. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1995, watafiti waliangalia video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona 1992 wakapima nyuso zao, wakakuta waliopata shaba wanaonekana na furaha kuliko waliopata fedha, yaani wa tatu ana raha kumzidi wa pili, kwa sababu wa pili anamtazama wa kwanza na wa tatu anamtazama aliyekosa kabisa. Medali haijabadilika, macho ndo yamegeuka. Na wewe kule macho yalikuwa kwa kijana wa gunia, umerudi ofisini macho yamerudi kwa mwenzako aliyepandishwa cheo, na intaneti yako unailinganisha na ile ya jirani isiyokatika. Ungefanyaje, uishi umebandika picha ya dampo ukutani?

Alafu fikiria hili polepole. Shukrani ya namna hiyo ili iendelee kufanya kazi inahitaji mtu mwingine aendelee kuwa chini. Yule kijana akitoka dampo kesho akaenda shule, shukrani yako inapungua. Nadhani ndo hicho kinachokutafuna, na kinakutafuna kwa haki, usikifukuze. Wewe mwenyewe umeona kuna kasoro kwenye kufanya shida ya mtoto iwe dawa, na kusema kweli ile sala ya "asante Mungu mimi sio kama yule" haina tofauti kubwa na sala ya Farisayo.

Shukrani yenyewe ina mtu wa kumwelekea. Unamshukuru fulani kwa kitu fulani alichokufanyia. Sasa yule kijana alikupa nini? Hakukupa maji, hakukupa kazi iliyokusafirisha, hakukupa shule uliyosoma. Waliokupa wapo, wengine unawajua kwa majina wengine walishakufa zamani, na katika swali lako lote hakuna hata mmoja umemtaja. Nimelisoma mara ya pili nikimtafuta, hayupo. Yupo aliyekosa tu. Ukitaka jibu langu kwa kifupi ni hilo, umemtazama aliyekosa ukasahau kuwatazama waliokupa, ndo maana imeyeyuka.

Ila kabla sijaenda huko nikusimamishe kidogo kwenye kile kicheko. Watu wengi wakirudi safari wanasema "hawana kitu lakini wana furaha kutuzidi sisi". Wewe hujasema, nakushukuru, ila umetaja kwamba alicheka na naona kimekukaa. Mtoto kumpungia mgeni na kucheka ni utoto na ni adabu, sio ripoti ya maisha yake. Robert Biswas-Diener na Ed Diener walichapisha mwaka 2001 utafiti waliofanya Kolkata, India, kwa watu 83, wakazi wa mitaa ya mabanda, wanaolala barabarani, na wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Kuridhika kwao na maisha kwa ujumla kulikuwa chini kidogo ya katikati. Lakini walipoulizwa kitu kimoja kimoja, familia, marafiki, tabia zao wenyewe, majibu yalikuwa upande mzuri. Mi nausoma utafiti huo hivi: maskini sio shimo la huzuni tupu kama tunavyodhani tukiwa kwenye gari, ana watu anaowapenda na mambo anayojivunia, na papohapo umaskini unaumiza kweli. Vyote viwili. Anayekwambia "wana furaha bana" anatafuta usingizi tu.

Na kazi yenyewe uliyoiona ni kazi. Anayeokota chupa anajua chupa nyeupe isiyo na rangi ina bei nzuri kuliko ya rangi, anajua kizibo ni plastiki ya aina nyingine na lebo inaharibu mzigo, anabana hewa itoke ili gunia libebe nyingi, jioni anapima kwa dalali ambae mizani yake haiaminiki na ambae pengine ndo huyohuyo anamkopesha wakiumwa nyumbani. Pune kule India hawa watu waliunda chama chao mwaka 1993, baadae mwaka 2008 wakaanzisha ushirika unaokusanya taka majumbani kwa makubaliano na manispaa, Brazil nao mwaka 2002 serikali iliingiza kazi hiyo kwenye orodha rasmi ya kazi. Nayasema haya sio kukwambia ni sawa mtoto awe dampo, sio sawa hata kidogo, moshi ule ni sumu na malundo yale yanaua, lile la Payatas kule Manila, Ufilipino, liliporomoka Julai 2000 likafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 200. Nayasema kwa sababu ulimwona kama picha ya kukosa, wakati yeye alikuwa katikati ya shughuli zake na ana akili ya shughuli hiyo kukuzidi.

Sasa turudi kwa waliokupa. Nitachukua kitu kimoja tu, maji na majitaka, kwa sababu umetaja ule mto. Ukiuona mto mweusi ugenini ni rahisi kudhani kule ndo walivyo, na kwetu ndo tulivyo, kama vile Mungu aligawa mafungu. Kiangazi cha 1858 mto Thames pale London ulinuka mpaka mapazia ya bunge la Uingereza yakaloweshwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kupumua. Kinyesi cha mji wa watu zaidi ya milioni mbili kilikuwa kinaingia mtoni, na wapo waliokunywa maji ya mto huohuo. Kipindupindu kilikuwa kimeshapita mara kadhaa, mwaka 1854 daktari John Snow alishaonyesha pale Broad Street kwamba ugonjwa unatoka kwenye pampu ya maji, wakubwa wengi hawakumsadiki. Harufu ilipowafika puani wao wenyewe, ndani ya wiki chache sheria imepita, pesa imepatikana, injinia Joseph Bazalgette akaanza kujenga mifereji mikubwa ya majitaka chini ya mji. Na hapa ndo panaponigusa mimi: mwaka 1866 kipindupindu kilirudi kikaua watu zaidi ya 5,000, wengi wao upande wa mashariki ya mji, mitaa ya maskini, ambako mfumo wa Bazalgette ulikuwa haujakamilika. Mji mmoja, mwaka mmoja, Mungu mmoja. Waliokufa hawakuwa na dhambi zaidi wala shukrani pungufu, mabomba yalikuwa hayajawafikia, basi.

Kwaiyo ukifungua bomba likatoa maji ambayo hayakuui, hapo kuna injinia, kuna mtu aliyechimba mtaro kwa mikono, kuna kodi za watu ambao hawakuishi kuyanywa, kuna mtu aliyelalamika mpaka akasikilizwa, na leo usiku kuna mtu yupo zamu kwenye mtambo. Kwa hesabu za WHO na UNICEF mwaka 2022 watu kama bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa iliyo salama na ya uhakika. Ukiitazama namba hiyo kwa macho ya afadhali mimi unapata nafuu, ukiitazama kwa macho ya nani alinijengea unapata shukrani, na nyuma yake inakuja hasira kidogo kwamba mbona wale hawajajengewa. Hasira hiyo usiiogope, ni ndugu yake shukrani.

Hapo ndo naomba ukifute kile kiapo. Nilipofika "sitalalamika tena maishani" nilicheka, samahani. Kulalamika sio kinyume cha shukrani. Mtu anaweza kumshukuru sana mama yake na bado akamwambia mama leo chumvi imezidi. Wewe unalipia intaneti, haifanyi kazi, umepiga simu, shida iko wapi? Kama ulimtukana yule binti wa huduma kwa wateja, ambae hana hata uwezo wa kugusa huo mtandao, hilo ni jambo lingine na unaweza kujirekebisha, ila kulalamikia huduma mbovu ni halali yako. Na mimi naiogopa sana hii shukrani ya kunyamazisha watu. "Wenzako wanalala njaa wewe unalia mshahara mdogo", "wenzako hawana waume wewe unalalamika anakupiga", nimeisikia hiyo ikifanya kazi chafu kwenye nyumba nyingi. Shukrani ikitumika kumziba mtu mdomo hapo sio shukrani tena, ni rungu. Ile mifereji ya London isingejengwa kama kila mtu angeridhika kwamba kuna mji unaonuka zaidi.

Hatia sasa. Hatia ina faida pale ulipokosa, inakusukuma uombe radhi urekebishe. Kuzaliwa ulikozaliwa sio kosa, kwaiyo hatia hiyo haina pa kwenda, inazunguka ndani tu inakufanya ujitazame wewe. Mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake walichapisha mwaka 1997 jaribio ambalo mi nalitumia sana kwenye kazi yangu: watu walisikiliza habari za binti aliyepatwa na shida, kundi moja likaambiwa fikirieni yeye anajisikiaje, kundi lingine likaambiwa fikirieni nyie mngekuwa yeye mngejisikiaje. Wote walipata huruma, lakini kundi la pili lilipata pia dhiki yao binafsi, na mtu mwenye dhiki yake mara nyingi anachotafuta ni kuikimbia ile hali iliyomletea. Machozi ya hotelini nadhani kwa sehemu kubwa yalikuwa hayo, ulijiweka wewe na mwanao pale kwenye moshi. Sio dhambi. Ila ukitaka huruma isaidie mtu, ijaribu ile ya kwanza, kijana yule yeye mwenyewe, siku ile, alikuwa anawaza nini, nani anamsubiri nyumbani.

Umeuliza nifanye nini idumu. Usinitegemee nikupe mambo kumi, yapo mawili matatu tu yenye ushahidi na yote hayahitaji maskini wa kumtazama.

Ninalolipenda zaidi ni la kuondoa, yaani kufikiria kitu ulicho nacho kama kisingekuwepo. Minkyung Koo na wenzake mwaka 2008 waliwaomba watu walio kwenye mahusiano waandike walivyokutana na wapenzi wao, na wengine waandike ni namna gani wangeweza wasikutane kabisa. Kundi hili la pili ndo lilitoka limeridhika zaidi na mahusiano yao. Sababu yake ni ileile ya kuzoea, kitu ulicho nacho ukikisimulia tena kinazidi kuwa cha kawaida, ukisimulia jinsi kilivyokaribia kukosekana kinarudi kuwa cha ajabu. Chukua hiyo kazi yako iliyokusafirisha. Usiandike "nashukuru nina kazi", andika ilivyokuwa karibu uikose: nani alikwambia nafasi ipo, nani alikulipia ada ule mwaka mbaya, ingekuwaje kama yule mwalimu angekuhesabu umeshindwa. Ukimaliza karatasi imejaa majina. Unaona tofauti? Umejilinganisha na wewe mwenyewe ambae ungeweza kuwa, hakuna mtu aliyetumiwa.

La kuandika mambo ya kushukuru bila shaka ulishalisikia. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003, katika jaribio lao mojawapo wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano, wakatoka wanayaona maisha yao vizuri kuliko walioandika kero. Watu wamelichukua hilo wakaligeuza kuwa kila siku asubuhi na jioni kama dozi ya antibayotiki, wakati Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta mara moja kwa wiki inasaidia na mara tatu kwa wiki haisaidii. Inazoeleka nayo! Kwaiyo mara moja kwa wiki, na ukiandika taja mtu na kitendo, "afya, familia, uhai" ni orodha ya kujaza fomu.

Na barua. Andika barua kwa mtu aliyekufanyia jambo kubwa na hujawahi kumshukuru sawasawa, umpelekee, umsomee mwenyewe. Martin Seligman na wenzake mwaka 2005 walikuta zoezi hilo linapandisha furaha kwa nguvu sana, ikadumu kama mwezi, ikifika miezi mitatu imeisha. Nakwambia na hiyo sehemu ya mwisho makusudi ili usije ukaniandikia tena unajiita mnafiki. Ikiisha unaandika barua nyingine, kwani waliokufanyia wema ni mmoja?

Kuhusu kusaidia, umelizungukazunguka bila kuuliza. Kama moyo wako unataka kutoa, toa, hata pesa taslimu. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro mwaka 2016 walichapisha matokeo ya familia maskini za magharibi ya Kenya zilizopewa pesa bila masharti, matumizi ya nyumbani yalipanda, mali za familia ziliongezeka, na ile hofu ya watu kwamba pesa itaishia kwenye pombe na sigara haikuonekana. Ila usimpe mtoto pesa mkononi barabarani, unamlipa aendelee kubaki pale. Tafuta wanaofanya kazi na wazazi wa watoto hao au na vyama vya hao waokotaji. Na ile picha, mtoto wa mtu hajui kama unayo wala mzazi wake hajakubali, usiipost popote hata na maneno matamu ya shukrani chini yake.

Sasa mwanao. Kituo cha yatima hapana. Nasema hapana bila kuzunguka. Cambodia kati ya 2005 na 2010 vituo hivyo viliongezeka kwa asilimia 75 wakati yatima hawakuongezeka hivyo, watoto wengi waliomo wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na sehemu ya kilichovikuza ni wageni na pesa zao. Yaani mgeni mwenye moyo mzuri anatafuta yatima, basi yatima anapatikana, familia maskini inashawishiwa imtoe mtoto. Australia walifika mpaka kulitambua jambo hilo mwaka 2018 walipotunga sheria yao ya utumwa wa kisasa. Achilia mbali kwamba hao watoto wanazoea mtu wiki hii anaondoka, wiki ijayo mwingine, na kila mmoja anataka kukumbatiwa na kupiga picha. Na mwanao atajifunza nini pale? Atajifunza afadhali mimi, ambayo tumeshaona inaishia wapi, au atajifunza aibu, na kijana wa miaka 14 akiaibishwa anakuwa jiwe.

Watafiti wa malezi, Andrea Hussong na wenzake pale North Carolina, Marekani, wameigawa shukrani ya mtoto sehemu nne: anachokiona, anachokifikiria, anachohisi, anachofanya. Sisi wazazi tunarukia ya mwisho, "sema asante!", alafu tunashangaa neno limetoka bila mtu ndani yake. Wewe anzia mwanzo, na kwa kuuliza sio kuhubiri. Mjomba amemletea kitu, usiku mkiwa wawili muulize unadhani alijuaje unakipenda, unadhani ilimgharimu nini kukileta. Akijibu "sijui" mwache, swali limeshaingia. Mpe na kazi ya kweli ya nyumbani ambayo asipoifanya inaonekana, maana mtoto ambae hajawahi kubeba mzigo wowote hawezi kuona mzigo unaobebwa kwa ajili yake. Na akusikie wewe ukimshukuru mtu kwa jina, baba yake, jirani, yule wa zamu.

Safari nendeni, kwa nini msiende. Mwache asome kwanza habari za nchi yenyewe, waandishi wake, vita vyake, mpira wao, ajue anaenda kwa watu. Muajirini mwenyeji awazungushe na mumlipe vizuri, na mkipita tena pale dampo na akauliza kwa nini wapo pale, usimpe jibu la bahati wala la mapenzi ya Mungu, muulizeni huyo mwenyeji. Na kama baada ya yote hayo atarudi analalamika simu yake imepitwa na wakati, usishtuke dada, ana miaka 14.